Isa Kuzaliwa Bila Baba: Muujiza Tunauamini, Uungu Tunaukataa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, asiye na mshirika wala mfano. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake. Na amani imshukie Nabii Isa bin Maryam (A.S.), pamoja na mama yake, mwanamke aliyetakaswa na Mola wake.

Ama baada ya hayo. 

Likizo ya Desemba ndiyo msimu wa maswali. Watoto wanarudi kutoka shule za bweni, majirani wanapaka nyumba rangi, mbuzi wamefungwa uani, na kuanzia Kasese mjini hadi Bwera kila kwaya iko kwenye mazoezi. Katika likizo moja ya namna hiyo, binti mmoja wa Senia Tatu alibaki nyuma baada ya darsa. Shuleni kwao hakuna mwalimu wa dini ya Kiislamu, kwa hiyo anakaa katika somo la dini ya Kikristo pamoja na wenzake. Akaniambia: "Ustadhi, wenzangu wameniuliza swali nikakosa jibu. Wamesema, ninyi Waislamu mnakubali kwamba Yesu hakuwa na baba wa duniani. Basi baba yake ni nani, kama si Mungu? Nikanyamaza. Je, wana haki?"

Wiki ile ile nilikuwa Bwera siku ya soko. Kijana mmoja wa upande wetu alikuwa na kipaza sauti, akihubiri juu ya jambo hilo hilo. Lakini badala ya kutoa hoja, alianza kuuliza maswali ya kejeli kuhusu Bibi Maryam: alikuwa na nani, na Yusufu alikuwa anafanya nini. Vijana wakacheka. Mama mmoja Mkristo aliyekuwa anauza maharage pembeni yangu alifunika beseni lake, akalibeba, akaondoka. Hakusema neno. Mimi niliyevaa kofia na kanzu nilibaki nimesimama pale, sina pa kuweka uso.

Ndugu msomaji, mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Binti alikosa jibu ingawa jibu tunalo. Kijana alipewa kipaza sauti, akalitupa jibu letu na kuokota tusi la watu wengine. Leo nataka tuliweke jambo hili wazi: kuzaliwa kwa Isa bila baba ni imani yetu, hatuwaachii Wakristo peke yao. Tunachokikataa ni kitu kingine kabisa, nacho ni kusema kwamba Mungu alifanyika mwanadamu. Baina ya mambo hayo mawili hakuna daraja, na anayedai kuwa lipo ndiye anayetakiwa kulionyesha.

KWANZA: TUNAAMINI NINI?

Maryam ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur-ani Tukufu, na jina lake limekuja mara 34. Ipo sura nzima inayoitwa kwa jina lake, sura ya 19. Humo tunaelezwa jinsi alivyojitenga na watu wake, jinsi malaika alivyomjia kwa sura ya mwanadamu, jinsi alivyoshangaa kwamba atapataje mtoto ilhali hajaguswa na mwanamume, na jinsi alivyojibiwa kwamba jambo hilo kwa Mola wake ni jepesi. Habari hiyo imekuja pia katika Suratu Aal Imran, aya ya 45 hadi 47. Na katika Suratun Nisaa aya ya 156, Mwenyezi Mungu amewahesabia Mayahudi waliomzulia Maryam uongo kuwa wametenda kosa kubwa sana, amelitaja katika orodha moja na ukafiri.

Fungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyomo katika nyumba zetu nyingi, usome sehemu hizo wewe mwenyewe. Hutakuta mahali Muislamu anaporuhusiwa kuwa na shaka juu ya usafi wa Maryam. Basi mtoto wako akiulizwa, asiogope kusema: "Ndiyo, Isa alizaliwa na bikira, na hilo ni katika dini yangu." Kusema hivyo si kushindwa.

PILI: JE, ASIYE NA BABA NI MUNGU?

Hapa ndipo swali la wale wanafunzi linapoanguka. Suratu Aal Imran aya ya 59 inatufundisha kwamba mfano wa Isa mbele ya Mwenyezi Mungu ni kama mfano wa Adam, aliyeumbwa kwa udongo kisha akaamrishwa kuwa, akawa. Kama kukosa baba kunamfanya mtu kuwa Mungu, basi Adam aliyekosa baba na mama pamoja angestahiki zaidi. Na Hawa je? Yeye hakubebwa tumboni na mwanamke yeyote. Wakristo wanaamini habari ya Adam na Hawa, wala hakuna kanisa linalowaabudu.

Wanachuoni wetu wamelipanga jambo hili vizuri. Mwenyezi Mungu amemuumba mtu bila mwanamume wala mwanamke, naye ni Adam. Amemuumba mtu kutokana na mwanamume bila mwanamke, naye ni Hawa. Amemuumba mtu kutokana na mwanamke bila mwanamume, naye ni Isa. Na sisi tuliobaki ametuumba kwa wote wawili. Milango yote minne iko mkononi mwa Muumba mmoja, na anayetoka kupitia mlango wowote ule ni kiumbe.

Hata babu zetu wa milima ya Rwenzori, kabla hawajaletewa msahafu wala Biblia, walimtaja Nyamuhanga, Muumba. Hawakuhitaji kusoma chuo ili wajue kwamba aliyeumba ni mmoja na kilichoumbwa ni kingine.

TATU: TUWATENDEE HAKI KATIKA HOJA ZAO

Mkristo aliyesoma atakujibu hivi: "Sisi hatusemi Yesu ni Mungu kwa sababu hakuwa na baba. Tunasema alikuwako kabla ya kuzaliwa, naye ndiye Neno aliyefanyika mwili." Jibu hilo tulisikilize vizuri, maana ndilo la kweli katika mafundisho yao. Tusijibizane na maneno ya mtaani tukayaacha ya vitabuni.

Lakini tazama linatupeleka wapi. Habari ya mimba ya bikira imo katika Injili mbili tu: Mathayo sura ya 1 na Luka sura ya 1. Marko anaanza na ubatizo wa Isa mtoni Yordani, hana habari ya kuzaliwa kwake kabisa. Habari ya Neno kufanyika mwili imo katika Yohana sura ya 1, na Yohana naye hasimulii mimba ya bikira. Paulo katika Wafilipi sura ya 2 anazungumzia aliyekuwa na namna ya Mungu akachukua namna ya mtumwa. Na katika Wagalatia 4:4 anasema tu kwamba alizaliwa na mwanamke, bila kutaja ubikira. Kwa hiyo wanaosimulia mimba ya bikira hawasimulii mahali hapo kwamba Mungu alishuka akawa mtu. Na wanaosema hayo ya kushuka hawaisimulii mimba ya bikira. Ni mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja baadaye, kisha kila Krismasi watu wanaambiwa ni jambo moja.

Atakwambia: "Angalia Luka 1:35, pale malaika anasema mtoto ataitwa Mwana wa Mungu kwa sababu ya mimba hiyo." Mwambie afungue kurasa chache mbele katika kitabu hicho hicho, Luka 3:38, aone mwisho wa orodha ya ukoo: Adam naye anahesabiwa wa Mungu kama vile kila mwana anavyohesabiwa wa baba yake. Katika Kutoka 4:22 taifa zima la Israeli linaitwa mzaliwa wa kwanza. Katika Mathayo 5:9 wapatanishi wanaahidiwa jina hilo hilo la wana. Basi katika lugha ya vitabu vyao, mwana wa Mungu ni mtu aliye karibu na Mungu. Kwa nini neno moja liwe na maana moja kwa watu wote, na maana nyingine kwa mmoja tu?

Atasema tena: "Na jina Imanueli katika Mathayo 1:23, maana yake Mungu pamoja nasi?" Ndugu zangu, madarasa ya shule zetu yamejaa akina Emmanuel. Na kuna akina Byaruhanga, jina linalomtaja Ruhanga, yaani Mungu, katika lugha za majirani zetu. Hakuna aliyewahi kupiga magoti mbele yao. Jina linamsifu Mungu, halimgeuzi mwenye kulibeba.

NNE: MUUJIZA NI KITU KIMOJA, MUHALI NI KITU KINGINE

Watoto waliosoma tawhidi madrasa wanajua kwamba akili inagawa mambo mafungu matatu: wajibu, muhali na jaizi. Wajibu ni jambo ambalo haliwezi kukosekana. Muhali ni jambo ambalo haliwezi kuwapo. Jaizi ni jambo linaloweza kuwapo au kutokuwapo, Mwenyezi Mungu akitaka. Somo hilo tunalikaririsha kwa wimbo, na watoto wengine wanadhani halina kazi. Hii hapa kazi yake.

Mimba bila baba inapita desturi, lakini haipingani na akili. Ni jaizi. Aliyeweka desturi ya mimba anaweza kuivuka. Huo unaitwa muujiza, nasi tunauamini.

Ama kusema kwamba asiye na mwanzo alianza, asiyehitaji kitu alinyonya, asiyelala alilala chomboni, na asiyekufa alikufa, hilo si muujiza mkubwa zaidi. Hilo ni muhali. Wenzetu wanaliita fumbo. Lakini fumbo ni jambo ambalo hatujui likoje. Jambo ambalo upande wake mmoja unaukanusha upande wa pili si fumbo. Nikikwambia nina sanduku nisilojua limo nini, nimekupa fumbo. Nikikwambia sanduku hilo hilo, saa hiyo hiyo, ni tupu na limejaa, sijakupa fumbo, nimekunyima habari.

Watauliza: "Je, Mungu hana uwezo wa kuwa mtu?" Swali hili linawababaisha wanafunzi wengi, kwa kuwa anayesema "hana" anaonekana kupunguza uwezo wa Mungu. Jibu ni kwamba uwezo wake hauna mpaka, lakini kuacha kuwa Mungu si uwezo, ni upungufu. Ni kama kuuliza kama anaweza kufa, au kusahau, au kuumba mungu mwingine aliye sawa naye. Mwenye kuuliza hivyo anaomba Mungu avuliwe uungu, kisha aitwe bado Mungu.

TANO: SWALI LA SAA

Mwaka 451, katika mji wa Chalcedon ambao leo ni sehemu ya Istanbul, maaskofu walikutana wakaandika kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, Mungu kamili na mtu kamili. Kanisa Katoliki linafuata tamko hilo hadi leo, na Waanglikana pia.

Sasa chukua Marko 13:32. Hapo Isa mwenyewe anasema kwamba siku ile na saa ile haijui mtu, wala malaika, wala Mwana, isipokuwa Baba. Mwenzetu atajibu: "Hakujua kwa upande wa ubinadamu, alijua kwa upande wa uungu." Muulize kwa upole: aliyekuwa anazungumza ni nafsi moja au mbili? Akisema mbili, ameliacha kanisa lake. Akisema moja, basi nafsi moja ilijua na haikujua jambo moja kwa wakati mmoja, na ilipoulizwa na wanafunzi wake ikasema haijui.

Na katika bustani ya Gethsemane, Mathayo 26:39, alianguka kifudifudi akaomba, na akatofautisha anayoyataka yeye na anayoyataka Mola wake. Anayeomba ni mhitaji. Qur-ani katika Suratul Maida aya ya 75 haikuleta falsafa ndefu. Imetukumbusha tu kwamba Masihi na mama yake walikuwa wanakula chakula. Mwenye kula ana njaa, na mwenye njaa anasubiri riziki kutoka kwa mwingine. Mama wa kijijini asiyejua kusoma anaelewa hoja hiyo anapopakua ugali.

SITA: "QUR-ANI YENU YENYEWE INAMWITA NENO NA ROHO"

Hoja hii imeenea sana mashuleni. Ni kweli kwamba Suratun Nisaa aya ya 171 imemtaja Isa kuwa neno la Mwenyezi Mungu alilompelekea Maryam, na roho itokayo kwake. Lakini anayeitaja aya hiyo huikata katikati. Aya hiyo hiyo imeanza kwa kuwaonya Watu wa Kitabu wasipite kiasi katika dini yao, imemwita Masihi kuwa ni Mtume, na imekataza kusema utatu. Haiwezekani mstari mmoja uukanushe uungu wake na kuuthibitisha.

Ameitwa neno kwa kuwa alipatikana kwa neno la amri, "kuwa", bila ya njia ya kawaida ya baba. Ama "roho itokayo kwake", hilo "kutoka kwake" ni la kuumba na kutukuza. Katika Suratul Jathiya aya ya 13 kila kilichomo mbinguni na ardhini kimesemwa kuwa kinatoka kwake. Je, mlima Rwenzori nao ni sehemu ya Mungu? Na katika Suratus Sajda aya ya 9 tunaambiwa kwamba mwanadamu naye alipuliziwa roho yake. Mwanafunzi akiyajua haya mawili tu, hatanyamaza tena darasani.

SABA: TUSIMPINGE MTU KWA UONGO

Sasa niwageukie ndugu zangu wa mihadhara. Nawapenda, na wengine ni wanafunzi wangu. Lakini yapo tunayoyasema ambayo lazima tuyaache.

Wapo wanaosema kwamba uungu wa Isa ulibuniwa mwaka 325 katika mtaguso wa Nicaea, ulioitishwa na mfalme Constantine. Si sahihi. Wapo Wakristo waliomwita Mungu tangu mwanzoni mwa karne ya 2. Kilichotokea Nicaea ni kwamba mafundisho ya Arius, padri wa Alexandria, aliyesema Mwana ni kiumbe, yalilaaniwa, na upande wa pili ukapata nguvu ya dola. Ukweli huo unatosha kuwa hoja: miaka karibu 300 baada ya Isa, wafuasi wake walikuwa bado wanagombana kama yeye ni Muumba au kiumbe. Mwaka 431 huko Efeso wakagombana tena kama Maryam aitwe Mama wa Mungu, kanisa likapasuka. Baada ya Chalcedon likapasuka tena, na majirani zetu wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hawalikubali tamko hilo hadi leo. Kweli, Waislamu nasi tumefarakana katika mengi. Lakini Muislamu wa kawaida hahitaji mkutano wa maaskofu ili ajue kama Muhammad (S.A.W.) ni mtu au Mungu.

Wapo wanaochanganya "Mkingiwa Dhambi ya Asili" na mimba ya bikira. Ile ya kwanza ni fundisho la Wakatoliki kwamba Maryam mwenyewe alitungwa mimba bila dhambi ya asili, na Papa alilitangaza rasmi mwaka 1854. Haihusu mimba ya Isa. Ukilikosea hilo mbele ya Katekista wa Kasese, atakucheka, na haki yake.

Na wapo, hawa ndio wananiumiza zaidi, wanaosema kwamba neno la Kiebrania katika Isaya 7:14 maana yake ni mwanamke kijana, siyo bikira, kwa hiyo habari yote ya bikira ni uongo wa Wakristo. Ewe ndugu yangu! Ukilivunja hilo, unavunja nini? Suala la neno la Isaya wanaweza kulijadili wajuzi wa Kiebrania. Lakini ukipiga hatua kutoka hapo hadi kusema Maryam hakuwa bikira, humpingi Mkristo tena, unaipinga Suratu Maryam. Silaha hiyo umeiazima kwa wasioamini Mungu wala miujiza, nao wakimaliza na Mathayo watakuja na kwako. Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

NANE: MAHALI TUNAPOISHI

Ndugu zangu, sisi wa Kasese na Bwera hatuishi kisiwani. Wengi wetu tuna mama, shangazi au mjomba aliye Mkristo. Mimi mwenyewe nimelelewa miaka mitatu na mama mdogo ambaye kila Jumapili aliteremka kanisani, na kila Ramadhani aliamka kunipikia daku. Hatujawahi kukubaliana juu ya Isa. Hatujawahi pia kukosa heshima.

Tena tunaishi mpakani, na damu tunaijua. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wenye umri huo huo wa kuniuliza maswali baada ya darsa. Wauaji hao hujinasibisha na dini yetu. Mwezi Mei 2021, ng'ambo ya mpaka huko Beni, imamu aliyekuwa akiupinga ukatili wao waziwazi alipigwa risasi akiwa msikitini. Basi anayedhani kwamba wale wanaitetea tawhidi ajiulize ni tawhidi gani inayochoma bweni la watoto na kumwaga damu ya imamu.

Kwa hiyo neno tunalolisema kwenye kipaza sauti sokoni si mchezo. Mama yule wa maharage huenda alizika mtoto. Anapomsikia mtu wa kanzu akimkejeli Maryam, hasikii hoja. Anasikia kitu kingine kabisa, nasi ndio tuliomsikilizisha.

Tuangalie waliotutangulia. Takriban mwaka 615, Masahaba walikimbilia Uhabeshi katika nchi ya mfalme Mkristo. Makureshi wakatuma wajumbe, wakamchochea mfalme kwamba watu hawa wanasema neno zito juu ya Isa. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) hakuficha wala hakutukana. Alimsomea Najashi mwanzo wa Suratu Maryam, na alipoulizwa juu ya Isa akasema alichofundishwa: mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, mwana wa Maryam bikira. Mfalme akalia, na wakimbizi wakabaki salama. Fikiri kama Jaafar angesema aliyoyasema kijana wetu wa Bwera!

Na ujumbe wa Wakristo wa Najran, watu kama 60 kwa mapokezi ya Ibn Is-haq, ulipomjia Mtume (S.A.W.) Madina, walijadiliana naye juu ya Isa huyu huyu. Hawakukubaliana. Wakaondoka na mkataba wa amani. Na amri ya Suratul Ankabut aya ya 46 iko palepale: tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora.

NASAHA

Wazazi, wasomeeni watoto Suratu Maryam nyumbani kabla ya Desemba, kwa tafsiri, usiku mmoja mmoja. Mtoto asiisikie habari ya Maryam mara ya kwanza kutoka kwa kwaya.

Wanafunzi, msinyamaze na msigombane. Mnaposoma somo la dini ya Kikristo, jibuni mtihani kwa kueleza Wakristo wanaamini nini. Kueleza imani ya mtu si kuikubali. Rafiki akikuuliza, mpe mambo matatu: tunaamini Isa alizaliwa na bikira, Adam hakuwa na baba wala mama naye si Mungu, na anayeomba, anayekula na asiyeijua Saa ni mja. Kisha mwulize habari za nyumbani kwao.

Masheikh na maustadhi, asiyejua tusimpe kipaza sauti.

Yule binti nilimjibu hayo matatu. Aliyarudia kwa vidole, akacheka, akasema atayaandika nyuma ya daftari. Ama yule mama wa maharage, nilimtafuta siku ya soko iliyofuata nikanunua kilo mbili. Nilimwambia: "Mama, Maryam ni mtukufu kwetu pia. Yule kijana amekosea, na mimi nakuomba msamaha." Akanitazama kwa muda, akaongeza kiganja kimoja cha maharage juu ya mizani.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na wao kwenye haki, atuhifadhie watoto wetu wa pande zote mbili za mpaka, na atufanye tuseme kweli kwa adabu. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.